Tangi la Bihambwe na Milango ya Maua

Nakumbuka mchana mmoja kule Bihambwe, mchana ambao upepo uliingia ndani ya tangi la chuma na tangi likaanza kuhema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Mwanangu, hujawahi kusikia chuma kikihema. Kinaingia ndani, bwaamu, kinarudi nje, bwaamu, na moyo wako unakwenda na kurudi pamoja nacho. Keti vizuri nikusimulie, maana naona umetoka shuleni juzi tu, diploma yako bado inanuka wino, na unatembea huku kichwa kimekutangulia hatua nzima. Usinune. Mimi pia nilitembea hivyo hivyo.

Wakati ule nilikuwa kijana mwembamba, si huyu Papa Bauma mwenye tumbo mnayemcheka anapopumzika katikati ya kilima. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi Goma, nikarudi kwetu Masisi kufanya kazi kwa Papa Ndoole, bingwa wa kuunga chuma kwa moto. Usije ukafikiri Papa Ndoole alikuwa fundi wa kubahatisha. Alisoma kuliko mimi, na matangi ya maji na ya mafuta alikuwa ameyasimamisha mijini kabla mimi sijaota meno. Tofauti yetu ilikuwa moja: elimu yake ilikwisha kutulia, yangu ilikuwa bado inachemka na kumwagika nje ya sufuria.

Basi watu wa Bihambwe waliamua kuleta maji juu ya kilima chao. Akina mama walikuwa wakishuka bondeni na kupanda tena na madumu mgongoni, hata wale waliokaribia kujifungua. Wenye ng'ombe nao walihitaji maji safi ya kuoshea vyombo vya maziwa, kwani chombo kikioshwa kwa maji machafu, maziwa yanachacha njiani na mnunuzi anakugeuzia mgongo. Wakulima na wafugaji, ambao kwa kawaida walikutana pale tu ng'ombe alipoingia katika maharagwe ya mtu, safari hii walikutana kwa jambo la heri. Kila nyumba ilitoa ilichokuwa nacho. Lori lilipokwama kwenye matope, walibeba mabati mazito ya chuma, yale tunayoyaita toli, wakayapandisha mabegani huku wanaimba. Nilimwona mwenye ng'ombe na mwenye shamba wameshika toli moja, huyu mbele, yule nyuma, wakitukanana kwa utani njia nzima.

Tukaliunga tangi. Lilikuwa la mviringo, refu kuliko nyumba, limesimama peke yake kwenye mgongo wa mlima. Chini tuliweka toli nene, kwa sababu ndiko maji yanakosukuma sana. Tulivyopanda tuliweka nyembamba zaidi na zaidi. Kichwa kilikuwa wazi. Paa lingekuja baadaye. Kilichobaki ni pete. Vilikuwa vipande vya chuma chenye pembe, ambavyo Papa Ndoole alikuwa ameshavikunja kwenye karakana yake, kila kimoja upinde mzuri, ili tuviunge kuzunguka ukingo wa juu na kuushika usikunjamane upepo ukipiga. Lakini mafuta ya jenereta yalichelewa, na katikati ya kungoja huko Papa Ndoole akaitwa Pinga, ambako mashine ya kusaga ya watu ilikuwa imevunjika shingo. Kabla ya kupanda pikipiki aliniambia:

"Bauma, mafuta ikifika, pete iingie mbele ya siku ya Mungu. Na uelezee watu ya komite muzuri, wajue juu ya nini."

Yaani kabla ya Jumapili, na wajue kwa nini. Mimi nikaitika, "Ndiyo, Papa," kama mtu aliyeambiwa apeleke chumvi kwa jirani.

Mkutano ulifanyika mbele ya kanisa. Mkuu wa komite, kamati ya maji ya kijiji, alikuwa Papa Gerevasi, mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache ambaye kofia yake haikutoka kichwani ila wakati wa sala. Akaniuliza swali, na nakwambia leo, lilikuwa swali zuri sana.

"Kijana yetu, maji itafika paka kule yulu, kwenye ukingo munataka kufunga ile chuma?"

"Hapana, Papa. Itabakia chini yake."

"Sasa juu ya nini tuweke chuma kwenye maji haifike? Maji inasukuma huku chini. Si tukaze huku chini?"

Mwanangu, hapo ndipo mlango ulifunguliwa, na mimi badala ya kuingia nikaanza kupanda ukuta. Nikawamwagia maneno ya Kifaransa ya darasani, moja refu kuliko lingine, mpaka mimi mwenyewe nikakosa pumzi. Nilipoona nyuso zao zimebaki vile vile, nikamalizia kwa neno ambalo mpaka leo likinirudia ninakuna kichwa:

"Papa, hii iko mambo ya hesabu. Mutu mwenye hakusoma, hata nimuelezee, hataikamata."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kilikuwa kizima kabisa. Papa Gerevasi alikohoa, akarekebisha kofia yake, akasema, "Aksanti ya kutufundisha," kisha akafunga mkutano kwa sala. Sala yenyewe ilikuwa fupi.

Sasa sikia lililofuata. Padiri alikuwa anakuja Jumapili kubariki tangi, na kwetu mgeni mkubwa hapiti njiani hivi hivi. Anajengewa milango ya upinde, inafunikwa majani na maua, apite chini yake huku watu wanaimba. Milango hiyo hujengwa kwa mianzi. Lakini mwaka uliotangulia mwanzi mmoja ulichomoka ukamwangukia katekista katikati ya wimbo, na Mama Nyiramana, mama mkubwa wa wenye ng'ombe na mkuu wa akina mama wa parokia, aliapa kwamba aibu ile haitarudi. Akapita karibu na vifaa vyetu, akaona vyuma vimekunjwa upinde, vimelala kwenye majani bila kazi, na kijana mwenye navyo amekataa kusema vina kazi gani. Wewe ungefanyaje?

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta pete ya tangi imesimama barabarani vipande vipande, imechimbiwa chini, imefunikwa maua mekundu na meupe. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Nikakimbia.

"Mama, ile iko vyuma ya tangi!"

"Tangi ilikwisha simama, mutoto wangu," akanijibu bila kuacha kufunga maua. "Na wee mwenyewe ulisema hatuwezi kuelewa mambo yake. Mambo ya maua, hiyo tunaelewa. Kiisha misa tutakurudishia."

Nikaenda kwa Papa Gerevasi, nikamwaga Kifaransa kingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema naye kiisha misa, yaani baada ya misa. Na maji je? Bomba kutoka chemchemi lilikuwa tayari, lakini komite ilikuwa imeamua kwamba mkono wa kwanza kulifungua utakuwa mkono wa Padiri. Kwa hiyo tangi lilibaki juu ya mlima, tupu, kichwa wazi, ukingo mwembamba, bila pete. Mafuta ya jenereta yalifika asubuhi hiyo hiyo, yakanikuta sina cha kuunga.

Upepo ulianza baada ya chakula cha mchana. Unaujua ule wa kabla ya mvua za kwanza, unaotoka bondeni kwa hasira na kupiga mgongo wa mlima. Kwanza tangi lilivuma. Wazee wanasema debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa baba wa madebe. Kisha ukuta wa upande wa upepo ukaanza kuingia ndani. Bwaamu. Ukatoka. Bwaamu. Watu wakatoka majumbani. Akina mama wakasimama na maua mikononi. Toli ile ikikunjika mkunjo mkubwa mmoja tu, haikunjuki tena, na hapakuwa na toli nyingine wala nyumba yenye cha kutoa mara ya pili. Akina mama wangerudi bondeni na madumu yao kwa miaka ambayo hakuna aliyeijua idadi yake.

Nitakwambia lililokuwa moyoni mwangu, maana mzee akianza kujipaka mafuta katika hadithi, hadithi inateleza. Jambo la kwanza nililosikia ni raha. Raha ndogo ya kusema, "Si niliwaambia?" Ilidumu kama mate kwenye jiwe la moto. Ukuta ukaingia tena, safari hii ukachelewa kutoka, na raha yote ikaniishia.

Ndipo Papa Ndoole alipofika kutoka Pinga, matope mpaka kwenye nyusi, mtu wa pikipiki nyuma yake hatambulikani. Akaangalia tangi. Akaangalia milango ya maua. Hakuuliza nani kafanya nini. Akapaza sauti:

"Wenye ng'ombe! Kamba yote muko nayo, mulete!"

Kamba zikaja mbio, zile za kufungia ng'ombe wakorofi. Mimi na vijana wengine tukapanda jukwaa la mikaratusi lililokuwa bado limezunguka tangi, tukazifunga kwenye masikio ya chuma yaliyo ukingoni, na chini wanaume wakashika wakavuta kuelekea upepo unakotoka. Wakulima na wafugaji, kamba moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na siku ile tulihitaji vidole vyote vya Bihambwe. Ukuta ukatulia kidogo, lakini mikono ya watu si chuma, na upepo haukuwa na haraka.

"Sasa ninataka ile vyuma yenye maua," Papa Ndoole akasema.

Papa Gerevasi akasita. "Ndoole, Padiri anakuya kesho. Tutamupitisha wapi? Na kijana yako alisema hatuwezi kuelewa."

Papa Ndoole akanitazama mara moja tu, haraka, kisha akamgeukia mama mmoja aliyekuwa anauza maharagwe kando ya njia, akamwomba makopo yake mawili ya kupimia. Kopo la kwanza lilikuwa la zamani, mdomo wake ulishakatwa kwa kisu. La pili lilikuwa bado na ule mdomo wake wa mviringo uliokunjwa. Akampa Papa Gerevasi lile la kwanza, limejaa maharagwe.

"Finya."

Papa Gerevasi akafinya. Kopo likabaki kopo.

Akayamwaga maharagwe katika kitenge cha mama yule. "Finya sasa."

Kopo likaingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Papa Ndoole akampa la pili. "Hii nayo iko tupu. Finya pale kwenye mudomo."

Papa Gerevasi akafinya, akafinya tena, akauma meno. Kopo halikusogea.

"Njo vile," Papa Ndoole akathibitisha. "Tangi ikijaa, maji inasaidia ukuta. Ikiwa tupu, ule mudomo njo unaishika. Na hakuna tangi yenye haitakuwa tupu siku moja."

"Kumbe!" Papa Gerevasi akasema. Akageuka kunitazama, na watu wote wakageuka pamoja naye. "Kumbe njo hiyo tu! Sasa wee kijana, juu ya nini haukutuambia hivi?"

Mwanangu, nilitamani udongo wa Bihambwe unimeze na tangi liniangukie juu.

Mama Nyiramana ndiye aliyeng'oa mlango wa kwanza, kwa mikono yake, maua na yote. Kisha akapaza sauti wafungue maji. Mtu akauliza, "Mama, na Padiri?" Akajibu, "Padiri atabariki maji yenye itakuwa ndani. Mungu hawezi kasirika juu maji ilitangulia." Bomba likafunguliwa, na maji yakaanza kupanda polepole, yakitia uzito chini wakati sisi tunapigana juu. Akina mama wengine wakapanda jukwaani wakashika shitingi, yale maturubai ya plastiki, kutukinga upepo usizime moto wa kuungia, na mimi na Papa Ndoole tukaanza. Kipande kwa kipande, huku majani yanaungua na maua yananukia kama chai. Chini watu wa kamba walikuwa wanaimba ule ule wimbo waliouimba walipobeba toli. Kabla jua halijazama, kipande cha mwisho kikakutana na cha kwanza. Upepo ukapiga tena, kwa nguvu. Tangi likavuma kidogo, halafu kimya.

Nililia, na sikuficha. Kisha nikacheka, kwa sababu Mama Nyiramana alikuwa anacheka, na yule mama akicheka hata ng'ombe wanageuka.

Mkunjo mmoja mdogo ulibaki upande wa upepo, haujatoka mpaka leo. Watoto wa Bihambwe waliupa jina: Shavu la Bauma. Nenda ukaulize.

Karipio langu lilikuja tukila viazi vya kuchoma nyumbani kwa Papa Gerevasi. Papa Ndoole alimenya kiazi chake taratibu, akapuliza, akaniuliza kama vile anauliza habari za mvua.

"Bauma, uliwaambia juu ya pete?"

"Niliwaambia, Papa."

"Ulisema ya kweli?"

"Kweli tupu, Papa. Kama vile tulifundishwa."

"Nani alisikia?"

Nikasogeza maganda pembeni. "Hakuna, Papa."

"Basi haukusema."

Alikula kiazi chake akakimaliza, akaniomba chumvi. Nimepigwa fimbo na baba yangu, nimegombezwa na walimu, lakini maneno yale mawili ndiyo yaliyonifikia mfupani. Nilikuwa nimejiona nina haki, na haki yenyewe ilikuwa imebaki mdomoni mwangu, haikumfikia mtu.

Jumapili Padiri alifika, akakuta njia haina mlango hata mmoja. Akaangalia huku na huku, kisha akainua macho akaona maua yaliyosalia yamenasa kwenye ukingo wa tangi, juu kabisa. Papa Gerevasi akavua kofia, akasema, "Padiri, milango yako iko kule yulu. Itapitisha maji kwanza, wee utafuata." Watu walicheka mpaka kwaya ikakosa kuanza.

Baada ya mibaraka, Papa Ndoole akanisukuma mbele na kunitia kopo mkononi. Nikaeleza tena mbele ya wote, neno kwa neno, kwa lugha ya mama zetu. Nikamwomba Papa Gerevasi msamaha kwa lile neno langu, yeye akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Kisha akauliza swali lingine, kwani mtu mwenye akili huwa hakomi kwenye swali moja.

"Na upepo ikitoka ngambo ya Walikale?"

"Pete inazunguka tangi yote, Papa. Kwenye upepo itatokea, itaikuta."

Akawageukia watu. "Mumesikia? Huyu kijana iko na akili!"

Nilikuwa na akili ile ile ya siku za nyuma, mwanangu. Kilichoongezeka ni kopo.

Basi shika nasaha yangu, ni fupi kuliko hadithi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na anayetaka watu wamwelewe, ainame mpaka pale walipo, atafute kopo walilonalo mkononi, aanzie hapo. Usimwambie mtu hataelewa. Mtu akikuuliza swali, amekufungulia nyumba yake. Vua viatu uingie. Ukweli ambao hakuna aliyeusikia haujamsaidia mtu, hata kama umeupata kwa jasho la miaka. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, sembuse vyuma kutoka kwenye maua.

Na lingine, ambalo nililiona baadaye sana, nilipokuwa nimefiwa, sina kazi, na vita vimetupeleka huku na huku. Shule inakupandisha. Ni vizuri, panda. Lakini kila unavyopanda ukuta unakuwa mwembamba, na juu kule upepo ni mkali. Siku umejaa, una kazi, una afya, una jina, hutaona haja ya mtu yeyote. Kilicho ndani yako kinakushika. Itakuja siku utakuwa mtupu. Siku hiyo watakaokuzunguka ni watu tu: jirani uliyemsalimia, mzee uliyemjibu kwa heshima, mama uliyemsaidia dumu lake. Hao ndio pete. Na pete haiungwi katikati ya dhoruba, labda uwe na bahati kama yangu na kamba nyingi za ng'ombe. Iunge mapema, jua likiwaka, wakati unafikiri huihitaji.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu wa milima hii akupe kazi ya mikono yako na ulimi unaofungua milango. Akupe wazee wa kukukaripia bila kukuaibisha. Upepo ukija, ukukute umejaa. Na ukikukuta mtupu, ukukute umeshikwa.